Inaona Tunachouza, Haioni Tunachonunua

Kulipa kodi hatujakataa. Tunalisema hilo mapema kwa sababu mtu wa soko akifungua mdomo juu ya kodi huitwa mkwepaji kabla hajamaliza neno. Sisi wa Bujumbura, Burundi, wauza vitenge wa Jabe, mafundi magari wa Buyenzi, wauza vifaa vya ujenzi wa Kamenge, akina mama wauza samaki wa ndagala na mukeke, walimu wa shule za binafsi wa Ngagara na Nyakabiga, tumelipa tangu enzi za madaftari na kaboni. Tulilipa hata baada ya soko kuu kuungua tarehe 27 Januari 2013, wengine wetu tukiwa tumebaki na funguo za vibanda ambavyo havikuwapo tena. Tunajua pesa hizo zinafanya nini zikifika panapotakiwa: shule ya msingi bila ada tangu 2005, na tangu 2006 uzazi wa bure hospitalini pamoja na matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tunajua pia kwamba Umoja wa Ulaya ulipositisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali mwaka 2016, mpaka ulipourudisha 2022, nchi ilibaki na mifuko ya watu wake. Mifuko hiyo ni yetu.

Kinachotuuma ni namna tunavyohesabiwa. Miaka hii mambo ya kodi yanahamia kwenye kompyuta na simu, na tuliahidiwa kwamba kazi itakuwa nyepesi. Imekuwa nyepesi kwa anayepokea. Kwetu sisi tunaotuma imeongezeka: umeme ni wetu, megabaiti ni zetu, kopi ni zetu, kontabu wa kutusomea fomu tunamlipa sisi, na kosa la kidole kimoja kwenye kitufe ni letu pia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na aliyebuni mfumo huu hajaubeba hata siku moja kutoka Buyenzi.

Ankara ya kielektroniki ndiyo inayotugusa kila siku, kwa hiyo tuanze nayo. Mamlaka ya mapato, OBR, ilianza kuiingiza madukani mwaka 2022, ikianza na wafanyabiashara waliosajiliwa kwa TVA, kodi ya ongezeko la thamani. Programu ya dukani inaunganishwa na mtambo wa mamlaka. Ukimwuzia mtu bati au redio, ankara inatumwa ikiwa na NIF yako, yaani namba ya mlipakodi, NIF ya mnunuzi kama anayo, jina la bidhaa, idadi, bei na TVA yake ya asilimia 18. Inabandikwa saini ndefu ya namba inayounganisha NIF, kitambulisho cha mfumo, saa ya mauzo na namba ya ankara, ili asitokee mtu wa kuighushi. Siku hizi hata mienendo ya ghala inatakiwa: kilichoingia, kilichotoka, kilichoharibika.

Haki yake tuipe. Zamani mkaguzi aliweza kuingia dukani, akatazama rafu, akatazama na viatu vyako, akaandika makadirio. Mwenye ndugu ofisini alikadiriwa kidogo, asiye na mtu alikadiriwa kama mwenye kiwanda. Palikuwa na wenzetu waliowatoza wateja TVA kisha wakaiweka mfukoni, na wakaweza kuuza bei ya chini kuliko sisi tuliokuwa tukiipeleka. Duka la uaminifu lilifungwa, la wizi likapanuka. Ankara isiyofutika imepunguza hayo, na anayetaka turudi kwenye daftari la penseli hasemi kwa niaba yetu.

Ila tazama mashine hiyo inaona nini. Inaona mauzo, yote, hadi faranga ya mwisho. Gharama inaziona zile tu zilizokuja na hati. Sasa niambieni, ni nani katika mji huu anayeishi kwa gharama zenye hati?

Mama wa mukeke ananunua alfajiri kwa mvuvi, Kabezi au Rumonge, taa za mitumbwi bado zinawaka. Mvuvi yule hana NIF, hana mashine, na samaki hawasubiri. Mwenye duka la mchele anaununua Gihanga kwa mkulima ambaye kitabu chake cha hesabu ni kumbukumbu yake. Mkaa na ndizi vinashuka kutoka milimani kwa baiskeli, na kijana anayening'inia nyuma ya lori ili asichoke kupanda hatakuandikia risiti. Wapagazi wa Jabe wanalipwa mkononi kwa kila gunia. Fundi wa Buyenzi ananunua giaboksi kutoka kwenye gari lililokufa, kwa mjane wa mwenye gari. Mlinzi wa usiku, mpishi wa chai, mtoto wa kubeba maji, hakuna kati yao mwenye ankara ya saini ndefu. Na sheria ya kodi ya mapato iko wazi: gharama isiyo na hati haitambuliwi.

Tuchukue mfano wa duka moja la jumla la mchele, linalouza kwa faranga milioni 12 kwa mwezi. Mchele wenyewe umenunuliwa kwa milioni 10, usafiri na wapagazi vimekula milioni moja na laki mbili. Mwenye duka amebaki na laki nane, na humo bado hajatoa pango, mlinzi wala sabuni. Kwenye kioo cha kompyuta kuna mauzo ya milioni 12, na upande wa pili kuna hati za pango na umeme. Faida anayoiona mtu aliyekaa mbele ya kioo hicho ni ya tajiri. Faida aliyonayo mwenye duka haitoshi kumpeleka mtoto chuo kikuu. Kodi itadaiwa juu ya ile ya kioo.

Hapo ndipo wengi wetu tunaposukumwa kwenye uovu ambao hatukuzaliwa nao. Mtu anaanza kutafuta ankara za kununua, karatasi tupu zenye NIF ya kampuni ambayo haijawahi kuona gunia la mchele. Mwingine anauza nusu ya mzigo bila ankara ili upungufu wa huku ufidie upungufu wa kule. Kisha tunatangaziwa redioni kwamba wafanyabiashara si waaminifu. Mfumo unaotambua upande mmoja wa biashara unamfundisha mtu kuuficha na ule mmoja unaoonekana. Tunayasema haya kwa uchungu, maana tunawajua waliotumbukia humo, na si watu wabaya.

Suala la dola limezidisha mambo. Mnamo Mei 2023 Benki Kuu iliishusha thamani faranga, na dola ya benki ikaruka kutoka karibu faranga 2,070 hadi zaidi ya 2,800 kwa mkupuo mmoja. Hata kwa bei hiyo, anayeagiza vipuri kutoka Dubai au vitenge kupitia Dar es Salaam haipati dola benki. Kila mtu mjini anajua inakopatikana, na katika miaka iliyofuata bei ya huko ilipita mara mbili ya bei ya benki. Hati za forodha zinahesabu mzigo kwa bei ya benki. Kwa hiyo kasha la vipuri lililotugharimu mimi na wewe pesa mbili limeandikwa pesa moja. Tukiliuza kwa mbili na ushee, kompyuta inasoma kwamba tumepata zaidi ya maradufu, na inaidaia serikali sehemu yake ya faida ambayo ilishaliwa na dola. Hakuna programu itakayolitibu hilo. Linatibiwa na watu waliokaa mezani kuandika sheria.

Wenzetu wa mishahara wanadhani wamepona kwa sababu mwajiri ndiye anayekata na kupeleka ifikapo tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Nao wana lao. Sheria ya kodi ya mapato ya 24 Januari 2013 iliweka ngazi tatu: mshahara wa mwezi usiozidi faranga 150,000 hautozwi, kutoka hapo hadi 300,000 unatozwa asilimia 20, na kinachozidi 300,000 kinatozwa asilimia 30. Mwaka 2013 zile 150,000 zilikuwa karibu dola 100 kwa bei ya benki. Baada ya 2023 zimekuwa kama 50, na kwa bei ya mtaani hata hazifiki hapo. Mwalimu ambaye mshahara wake umepandishwa mara mbili ili tu afuate bei ya mchele na mafuta ya mawese amejikuta amepanda ngazi za kodi kama mtu aliyetajirika, ilhali sahani yake ni ileile au imepungua. Kompyuta ya mwajiri haina huruma wala haina kosa, inakata sawasawa na sheria. Ndiyo maana tunasema sheria iguswe. Kizingiti cha kodi kinatakiwa kisogee kila bei zinaposogea, na kompyuta hizohizo zinaweza kukisogeza kila mwaka bila kusubiri miaka kumi.

Mwajiri mdogo naye, mwenye shule ya vyumba sita au karakana ya watu wanane, anaandika mshahara uleule mara mbili: mara moja kwa kodi, mara moja kwa INSS kwa ajili ya pensheni. Majina yaleyale, namba zilezile, mifumo miwili isiyosalimiana. Mkurugenzi mmoja wa shule, mama wa makamo, alitueleza kwamba wiki mbili za kila mwezi hana muda wa kuingia darasani kuona walimu wanavyofundisha. "Nimekuwa karani wa serikali," alisema, "na mshahara wa ukarani huo najilipa mwenyewe."

Tuje kwenye umeme. Katika nchi nzima takriban mtu mmoja tu katika kumi ana umeme nyumbani. Bujumbura tuna nafuu, lakini nafuu yetu inajua kukatika saa nne asubuhi na kurudi usiku, dukani kukiwa kumefungwa. Jenereta tuliyonunua kwa mkopo inataka mafuta, na tangu foleni za mafuta zianze kuzunguka vituo hapa mjini, lita moja ya petroli imekuwa kitu cha kusafiri nacho kwa siri. Intaneti nayo inatufikia kwa mkongo unaopita nchi za jirani hadi baharini. Mnamo Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya Bahari ya Hindi, Afrika Mashariki nzima ilipepesuka. Katika hali hiyo muuza bati wa Kamenge anatakiwa atume kila ankara na aheshimu kila tarehe. Tarehe ya TVA haijui kama umeme ulikatika. Tarehe ya 31 Machi, ya tamko la mapato ya mwaka mzima, inaangukia kwenye mvua kubwa, mito Ntahangwa na Muha imejaa, na barabara nyingine hazipitiki. Mtandao ukianguka siku ya mwisho, anayeadhibiwa ni aliyekuwa akisubiri kioo kifunguke, na ndiye anayetakiwa alete ushahidi kwamba kilikuwa kimefungwa. Ataupata wapi ushahidi wa kitu ambacho hakikuonekana?

Tusiokuwa na kompyuta tunakwenda kwenye sekretaria za barabarani, vile vyumba vya kuchapa barua na kutoa kopi. Vijana wa humo ni wema na wengi wao wametusaidia kuliko mtu yeyote. Lakini fikiria tunachowaachia. Neno la siri la biashara yangu, na la jirani yangu, na la mshindani wangu, yote yameandikwa kwenye daftari moja la kurasa 96, juu ya meza ambayo kila mtu anaipita. Simu inayopokea ujumbe wa kuthibitisha ni ya kijana. Akihamia Uvira, akaibiwa simu au akagombana nawe, biashara yako imefungwa kwa kufuli ambalo funguo huna. Mjane mmoja wa Bwiza alirithi duka la mumewe na madeni yake. NIF aliijua, neno la siri aliondoka nalo marehemu. Alizungushwa miezi mingi akiombwa aingie kwenye akaunti ili aombe kubadilishiwa akaunti ambayo hawezi kuiingia. Tulikaa naye, tukamchangia nauli na kopi. Adhabu ziliendelea kuhesabiwa muda wote huo, maana mashine ya kuhesabu adhabu haikuzimika hata siku moja.

Wakenya wanalijua jambo hili. Tangu Agosti 2015 tamko la kodi kwao ni kwa mfumo wa mtandaoni wa iTax tu, na kila ikikaribia 30 Juni maduka ya intaneti ya Nairobi na Mombasa hujaa watu wanaolipia kujaziwa fomu, hata kijana asiye na kazi ambaye tamko lake ni sifuri. Kazi ambayo serikali ilikuwa ikiifanya kwa wananchi imekuwa biashara ya mtu wa tatu, na anayeilipia zaidi ni yule asiyesoma.

Tena kusoma kwenyewe ni kwa Kifaransa. Fomu ni Kifaransa, maelezo ni Kifaransa, ujumbe wa kosa unaotokea kwa maandishi mekundu ni Kifaransa cha wanasheria. Nchi hii ina bahati ambayo wengi barani hawana: Kirundi kinaeleweka kutoka Kirundo hadi Nyanza-Lac. Na masoko ya mji huu, kutoka Buyenzi hadi Kinama, yanapatana bei kwa Kirundi na Kiswahili kutwa nzima. Kampuni za simu zililijua hilo zamani. Mama asiyejua Kifaransa anatuma na kupokea pesa kwa simu yake ya vitufe bila msaada wa mtu. Kwa nini kodi imshinde mtu ambaye pesa za simu hazimshindi?

Majirani wamepita njia hii, na hawakupita kimya. Tanzania ilianza na EFD, mashine za risiti za kielektroniki, mwaka 2010, na mara kadhaa wafanyabiashara walifunga maduka. Mei 2023 Kariakoo ilifungwa siku kadhaa hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuwasikiliza hadharani. Aprili 2024 ilikuwa zamu ya Kampala: wenye maduka ya Kikuubo walifunga kwa sababu ya EFRIS, ankara ya kielektroniki ya Uganda, na Rais Museveni akakutana nao Kololo. Ukisikiliza malalamiko yao ni kama yametoka Jabe: kwamba aliyeuziwa bila ankara hawezi kutoa ankara bila kuumia, kwamba adhabu ni kubwa kuliko mtaji, kwamba mafunzo yalikuja baada ya faini. Sisi hatutaki kufunga maduka. Mji huu umefunga maduka mara nyingi mno kwa sababu nyingine, na kila mara walioumia ni watoto. Tunataka tusikilizwe yakiwa wazi.

Rwanda, iliyoanza mashine za ankara mwaka 2013, imefanya mawili ambayo tungependa yaigwe. Mfanyabiashara mdogo anaweza kutoa tamko lake kwa simu ya vitufe, kwa namba fupi, bila intaneti. Na mnunuzi wa mwisho anayedai ankara kwa namba ya simu yake anarudishiwa sehemu ya TVA aliyolipa, asilimia 10 ya kodi hiyo. Hilo la pili linagusa kidonda chetu kabisa. Hapa kwetu mteja akisikia bei yenye TVA anasema, "Kaka, mimi sitaki karatasi, nipunguzie." Ukikataa anavuka barabara. Tunalazimishwa kuwa polisi wa serikali mbele ya wateja wetu, bila kofia na bila mshahara. Mteja akipewa sababu ya kuitaka ankara, vita hivyo vinakwisha bila mkaguzi hata mmoja.

Wanaotuambia kwamba nchi maskini haiwezi zaidi ya hapa wanasahau historia ya karibuni. OBR yenyewe iliundwa kwa sheria ya Julai 2009, ikaanza kazi 2010, ikaziunganisha idara za kodi na forodha ambazo watu walizizoea kama bahari isiyo na ufuko, na mapato yakapanda kwa kasi katika miaka yake ya kwanza. Mwaka 2012 lilifunguliwa dirisha moja la kusajili kampuni. Aliyekuwa akizunguka kutoka ofisi hadi ofisi kwa majuma alitoka na hati zake na NIF yake ndani ya siku moja, kutoka chumba kimoja. Ripoti za Benki ya Dunia zikaitaja Burundi miongoni mwa nchi zilizofanya mageuzi makubwa zaidi duniani mwaka ule. Walikuwa Warundi walewale, na umeme wao ulikatika kama wetu. Tofauti ni kwamba mageuzi yale yalianzia kwa anayesimama mbele ya dirisha.

Mageuzi ya namna hiyo kwenye tamko la mapato yanajulikana duniani. Estonia watu wanatuma matamko kwa intaneti tangu 2000, na fomu inawafikia ikiwa imeshajazwa. Sweden mamlaka ya kodi inakuandikia hesabu yako na wewe unathibitisha hata kwa ujumbe wa simu. Mantiki ni moja: ambacho serikali inakijua tayari, isimwulize mtu mara ya pili. Marekani, pamoja na utajiri wake, imelishindwa hili, na kwa sababu ya kuogofya. Kampuni zinazouza programu za kujazia kodi zilipinga kwa miaka mingi serikali kuwapa watu huduma ya kutuma tamko bure. Ilipojaribiwa hatimaye mwaka 2024 katika majimbo 12, ikapanuliwa hadi 25 mwaka uliofuata, utawala uliokuja ukaifuta. Tunaliangalia hilo kwa makini, maana hapa kwetu nako wameanza kuota wauzaji wa programu za ankara, na tayari wapo wenzetu wanaolipa kila mwezi ili tu waweze kumtii mtoza ushuru. Mlango wa kulipia kodi usikodishwe kwa mtu.

Sasa hesabu ni rahisi. Mtambo una mauzo yetu yote ya mwaka, ankara baada ya ankara. Una mishahara yote iliyokatwa, jina kwa jina. Una kila kasha lililopita bandarini Bujumbura na kila lori lililovuka mpaka wa Kobero. Iweje Machi nianze kuandika upya, kwa mkono wa kijana wa sekretaria, mambo yote ambayo mtambo huo umeyahifadhi? Mamlaka iniletee yenyewe hesabu yangu. Niione, nisahihishe upande wa gharama, nitie saini. Na upande huo wa gharama ufunguliwe mlango: anayenunua kwa mkulima, kwa mvuvi au kwa mpagazi aruhusiwe kutoa yeye mwenyewe hati ya manunuzi ndani ya mfumo uleule, yenye namba ya simu ya aliyelipwa na malipo yaliyopita kwenye simu. Lumicash na Ecocash zinajua nani alimlipa nani na saa ngapi. Ushahidi upo kwenye kila simu ya mji huu. Haujapewa tu cheo cha hati. Mkulima wa Gihanga asitozwe kwa ajili hiyo, wala asitishwe kwa NIF ambayo hakuiomba. Atajwe tu kama mtu aliyeuza mchele wake.

Tunaogopa pia, na woga wetu si wa wenye kuficha. Mtambo unaojua nani anauza nini, kwa bei gani, kwa nani, ni mtambo wenye nguvu. Tungependa kujua ni nani anayefungua faili zetu na kwa ruhusa ya nani, na kila anayefungua aache alama, kama sisi tunavyoacha saini kwenye kila ankara. Mkaguzi akija na namba za mauzo yangu mkononi, nami niwe na haki ya kuona alizitoa wapi na lini.

Bajeti ya nchi huanza 1 Julai. Kabla ya hapo sheria ya fedha hupita Bungeni, na Bunge linakaa Kigobe, mwendo wa miguu kutoka Kamenge. Tangu mikoa iwe mitano na tarafa zipungue mwaka 2025, wabunge wetu wapya wamesema milango iko wazi. Tunaandika barua, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na wenye duka, walimu, mafundi na akina mama wa samaki wanaitia saini. Kuna tunayoyaomba ambayo yatahitaji miaka na pesa, hilo tunalielewa. Lakini moja halihitaji kununua hata waya. Siku mtandao wa kodi unapokatika, mamlaka yenyewe ndiyo ya kwanza kujua, kwa dakika na sekunde. Basi iandikwe kwenye sheria ya fedha ya mwaka huu kwamba kila siku mfumo unapolala, tarehe ya mwisho inasogea siku moja kwa wote, bila maombi, bila ushahidi, bila kumjua mtu, na adhabu zote zilizotozwa siku za namna hiyo zirudishwe kwa wenyewe kabla ya tamko la Machi lijalo.